Jina Limekatwa

Usiku wa Ijumaa, tarehe 10 Julai 2015, ulikuwa usiku wa Ramadhani, na katika miji ya pwani watu walikuwa na sababu mbili za kukesha. Ya kwanza ni ile ya kila mwaka: futari imeliwa, tarawehe imeswaliwa, na daku halipo mbali. Ya pili ilikuwa Dodoma. Kamati Kuu ya Chama Cha Mapinduzi ilikuwa imejifungia kupitia majina ya makada 38 waliorudisha fomu za kuomba kugombea urais, na ilitakiwa itoe majina yasiyozidi matano. Kwenye vijiwe vya kahawa redio ilikuwa juu ya benchi, simu zinapita mkono kwa mkono, na kila aliyefika aliuliza kabla hata ya kuketi: "Majina yametoka?"

Yalitoka usiku mnene, kupitia akaunti ya chama kwenye Twitter. Bernard Membe. John Magufuli. Asha-Rose Migiro. January Makamba. Amina Salum Ali. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa akizungumzwa kuliko wagombea wengine wote kwa pamoja, hakuwemo.

Kati ya waliokesha kwenye benchi hizo, ni nadra kumkuta mwenye kura. Kura ya mwisho ilikuwa ya wajumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM, watu elfu mbili na mia nne na ushei, wakati daftari la wapigakura la mwaka ule lilifungwa likiwa na watu zaidi ya milioni 23. Kila mjumbe alikwenda Dodoma na uamuzi wa Watanzania karibu elfu kumi mfukoni. Na hao wajumbe nao wangeletewa majina matatu tu, yaliyochujwa na Halmashauri Kuu ya Taifa kutoka kwenye yale matano, ambayo nayo yalikwisha kuchujwa na Kamati Kuu yenye watu wapatao thelathini. Mpigakura wa kawaida hakuwa na mlango wa kupitia katika ngazi yoyote kati ya hizo. Alichokuwa nacho ni mdomo, na miezi ile aliutumia kama mtu anayejua kwamba katika uchaguzi wa Oktoba ataukosa ushindani huu.

Hapo ndipo ilipo siri ya ukali wa mjadala ule. Tangu vyama vingi virudi na uchaguzi wa kwanza kufanyika mwaka 1995, aliyepitishwa na CCM ndiye aliyeingia Ikulu. Mkapa mara mbili, Kikwete mara mbili. Mwaka 2005 Kikwete alipata zaidi ya asilimia 80 ya kura zote. Mtu mwenye akili timamu, awe mwana-CCM au mpinzani, alijua kwamba rais wa Tanzania hupatikana Dodoma, katika mwezi ambao wananchi hawapigi kura. Kwa hiyo hata asiyekuwa na kadi ya chama, hata yule aliyeapa kutoipa CCM kura yake maisha, alikuwa na maoni mazito kuhusu nani apitishwe. Wapinzani, kwa kweli, walikuwa wachambuzi wazuri kuliko makada, kwa sababu hawakuwa na cha kupoteza wakikosea.

Anayetaka kuuelewa mjadala huo aanzie kwenye meza ya magazeti. Asubuhi muuzaji huyatandaza ubaoni au huyaning'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na mbele yake husimama watu kumi, kumi na watano, mikono nyuma, wakisoma vichwa vya habari bila kununua. Muuzaji hawafukuzi. Anajua kwamba mmoja kati yao atashindwa kuvumilia na kununua, na kwamba huyo mmoja atawasomea wengine. Mwaka 2015 vichwa vile vilikuwa na wagombea wao. Uhuru, gazeti la chama, lilikuwa na sauti yake. Mwananchi na Nipashe zao. Mtanzania, Tanzania Daima na Raia Mwema zao. Msomaji wa pale ubaoni alikuwa na desturi ambayo vyuo vya uandishi vingepaswa kuifundisha: kabla ya kuuliza habari inasema nini, aliuliza gazeti ni la nani. Akishajibiwa, alikata asilimia fulani kichwani mwake, kisha ndipo akaanza kubishana.

Kutoka ubaoni mjadala ulihamia kijiweni, na kijiweni una sheria zake. Mwenye elimu hapewi nafasi kwa elimu yake. Anayesikilizwa ni mwenye "za ndani": shemeji yake ni dereva wa mkuu wa mkoa, mpangaji mwenzake ni katibu wa wilaya, kuna "mtu wangu yuko Dodoma." Za ndani hizo nyingi zilikuwa uongo mtupu, na wasikilizaji walijua, lakini zilipokelewa kwa heshima kwa sababu zilifanya kazi moja muhimu. Ziliwafanya watu walio nje ya ukumbi wauchore ukumbi. Nani anakaa karibu na mwenyekiti, nani hasalimiani na nani, nani aliwahi kumkopesha nani. Kijiwe kilikuwa kikijitengenezea Kamati Kuu yake, na Kamati Kuu ile ya kijiweni ilikuwa na uhuru ambao ile ya Dodoma haikuwa nao: ilisema waziwazi yasiyosemwa jukwaani.

La kwanza kati ya hayo ni dini. Hakuna ibara ya Katiba ya nchi wala ya chama inayosema Mwislamu na Mkristo wapokezane urais, na kiongozi akiulizwa hadharani hukasirika. Lakini kijiweni orodha ilisomwa kama hirizi: Nyerere Mkristo, Mwinyi Mwislamu, Mkapa Mkristo, Kikwete Mwislamu. Basi? Baada ya hapo hesabu ikaingia Zanzibar, ambayo haikuwa imetoa rais wa Muungano tangu Mwinyi aondoke mwaka 1995. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja zinagongana, kwa kuwa Wazanzibari walio wengi mno ni Waislamu, na ndiyo maana jina la Augustine Ramadhani lilipotajwa kati ya waliochukua fomu watu walicheka kwa kufurahia ufundi wake. Jaji Mkuu mstaafu, Mzanzibari, na kasisi wa Kianglikana. Alifungua kufuli zote mbili kwa ufunguo mmoja. Hakufika hata tano bora, jambo ambalo lilipaswa kukionya kijiwe kwamba hesabu zake nzuri hazikuwa ndizo zilizokuwa zikipigwa kule ndani.

Kisha kanda. Kanda ya Ziwa ina watu wengi na ilikuwa bado inasubiri, Kusini wameshapata, Kaskazini hawapewi kwa sababu wakipewa watabeba kila kitu. Haya yalisemwa bila haya, na mara nyingi na watu wa kanda hizo wenyewe. Simtetei anayechagua rais kwa ramani. Ila namwelewa mpigakura ambaye miaka hamsini ameona barabara, hospitali na vyeo vikifuata ukoo wa wakubwa, na sasa anaambiwa asifikirie ramani.

Orodha yenyewe iliongeza utamu. Mzunguko wa fomu ulianza mapema Juni kwa ada ya shilingi milioni moja, na sharti la kupata wadhamini 450 katika mikoa 15, mitatu kati yake ikiwa ya Zanzibar. Walichukua watu 42. Alikuwemo Makamu wa Rais Gharib Bilal na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Alikuwemo Frederick Sumaye aliyewahi kushika uwaziri mkuu kwa miaka kumi. Samuel Sitta aliyewahi kuwa spika. Stephen Wasira, Mark Mwandosya, Mwigulu Nchemba, Makongoro Nyerere mtoto wa Mwalimu, na wengine ambao majirani zao ndio waliowajua. Hawa wa mwisho walichekwa sana. Kijiwe kina ukatili wake: mtu asiye na jina akitoa milioni moja yake kuchukua fomu huitwa anayetafuta ukuu wa wilaya. Na katika baadhi ya kesi, nadhani, kijiwe hakikuwa kimekosea.

Lakini mjadala wa kweli ulikuwa wa mtu mmoja, na ulikwenda hivi kila mahali:

"Mzee, huyu jina lake litarudi?"

"Litarudi vipi wakati wenye chama hawamtaki?"

"Wenye chama ni nani? Si ndio hawa wanaomdhamini?"

"Mwanangu, wewe hesabu watu. Wenzako wanahesabu vikao."

Ili kuelewa kwa nini Lowassa aliwagawa watu namna ile lazima turudi nyuma miaka ishirini. Mwaka 1995 yeye na Jakaya Kikwete, marafiki, walichukua fomu pamoja wakiwa bado vijana. Kwa maelezo yaliyorudiwa mara nyingi magazetini, Mwalimu Nyerere hakuridhika na Lowassa, hasa kwa habari ya mali, na jina lake likaishia njiani. Kikwete alifika hadi mwisho: raundi ya kwanza ya Mkutano Mkuu aliongoza mbele ya Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya, raundi ya pili Mkapa akampita kwa kura zisizofika hamsini. Mwaka 2005 wakarudi kwa mpango mwingine, Kikwete mgombea na Lowassa nguzo ya kundi lililokuja kuitwa mtandao. Salim Ahmed Salim, katibu mkuu wa zamani wa OAU, akapata kura 476, Mwandosya 122, Kikwete 1,072. Lowassa akawa waziri mkuu. Februari 2008 akajiuzulu kwa kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge, huku akisisitiza kwamba hakutendewa haki.

Mpigakura wa kawaida alikuwa na tafsiri mbili za habari hiyo, na hazikuwahi kupatana. Kwa wa kwanza, Lowassa alikuwa fisadi, basi, na chama kikimpitisha kitakuwa kimejitukana chenyewe. Kwa wa pili, alikuwa mtu wa maamuzi aliyetolewa kafara na rafiki yake. Huyo wa pili hakubishana sana kuhusu Richmond. Alikutajia shule za sekondari za kata, maji ya Ziwa Victoria yaliyofika Shinyanga, na namna alivyowafokea watendaji wazembe mbele ya kamera. Nimesikia watu wakisema, bila aibu, kwamba afadhali mwizi anayefanya kazi kuliko mwaminifu anayelala. Kauli hiyo haiwezi kutetewa, lakini mwanasiasa anayeipuuza hajui kwa nini watu elfu kadhaa walijaa uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, tarehe 30 Mei 2015, Lowassa alipotangaza safari yake aliyoiita ya matumaini.

Chama kilikuwa kimeshamwonya. Februari 2014 makada sita, yeye, Membe, Sumaye, Makamba, Wasira na William Ngeleja, walipewa onyo kali na kuwekwa chini ya uangalizi kwa kosa la kuanza kampeni mapema. Kijiwe kiliichukulia adhabu ile kama orodha rasmi ya vigogo. Aliyekuwa hajui nani anautaka urais akajua siku hiyo. Na Lowassa alipoanza kuzunguka kutafuta wadhamini, walioambiwa waje 30 kwa mkoa walikuja maelfu. Timu yake ilijumlisha wadhamini wa mamia ya maelfu. Mashabiki waliishika idadi ile kama kura zilizokwisha kupigwa.

Hapo kijiwe kilianguka. Kilimfahamu Lowassa, kiliwafahamu maadui zake, kilijua hata afya yake ilikuwa ikizungumzwaje. Lakini kilidhani kwamba umati unaingia ukumbini. Yule mzee wa vikao alikuwa sahihi: Kamati ya Maadili ya chama haina benchi la wasikilizaji, na kanuni inayosema wadhamini 450 haisemi kwamba laki nane ni bora zaidi. Sharti likishatimizwa limetimizwa.

Magufuli naye wakati huo? Alichukua fomu, akasema maneno machache, akaondoka. Alikuwa Waziri wa Ujenzi, mtu wa Chato, mwenye shahada ya uzamivu ya kemia, aliyejulikana kwa kutaja urefu wa barabara hadi vipande vya mita bila kuangalia karatasi. Watu walimpenda kama waziri. Kijiweni jina lake lilitajwa, lakini kwa namna mtu anavyotaja kiungo mzuri asiyefunga magoli: yupo, anafanya kazi, tuendelee na washambuliaji. Hakuwa na mtandao, hakuwa na kundi, hakuwa na magazeti. Kila mtu aliona hayo kuwa upungufu. Ukiyatazama kutoka ndani ya ukumbi uliogawanyika pande mbili zisizosameheana, yalikuwa sifa.

Baada ya majina matano kutoka, mambo yalikwenda kasi kuliko uwezo wa watu kuyajadili. Usiku uleule wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi kujitenga na uamuzi. Walilalamika kwamba majina mengine, likiwemo la mtu anayekubalika zaidi, hayakuletwa kujadiliwa. Si kawaida kwa CCM kufuliana nguo hadharani namna hiyo. Siku iliyofuata, Mwenyekiti Kikwete alipoingia kwenye kikao cha Halmashauri Kuu, wajumbe kadhaa walimpokea kwa kuimba kwamba wana imani na Lowassa. Wimbo ule ulirekodiwa kwa simu na jioni ulikuwa umefika kila kijiwe nchini. Kwa mara ya kwanza waliokuwa nje walisikia sauti halisi ya ndani, wala si ya shemeji wa dereva.

Kisha Halmashauri Kuu ikapiga kura, kila mjumbe akichagua watatu. Magufuli 290. Amina Salum Ali 284. Asha-Rose Migiro 280. Makamba 124. Membe 120. Tazama namba hizo kwa utulivu. Watatu wa kwanza wamepishana kura kumi tu, na wawili wa mwisho wameachwa mbali, nao wamekaribiana vilevile. Kura haziangukii hivyo zenyewe. Maelezo yaliyozagaa, na namba hazipingani nayo, ni kwamba wafuasi wa Lowassa, baada ya kukosa mtu wao, waliamua kuhakikisha Membe, mpinzani wao mkubwa, hapiti. Wakawapa kura zao wale watatu ambao hawakuwa na ugomvi nao. Kwa maneno mengine, waliokuwa wakimlilia Lowassa ndio waliomfungulia mlango Magufuli, bila kumpenda hasa.

Matokeo yake yalikuwa tatu bora yenye wanawake wawili. CCM haikuwahi kufika hapo. Amina alikuwa waziri wa fedha wa zamani wa Zanzibar na balozi wa Umoja wa Afrika kule Washington. Migiro aliwahi kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, cheo ambacho hakuna Mtanzania mwingine aliyekifikia. Saa chache zile, kwenye saluni na kwenye vikundi vya vikoba, mjadala ulibadilika sauti. Kina mama waliokuwa wakisikiliza siasa za wanaume kama kelele za nje walianza kuuliza inakuwaje kama. Kijiwe cha kahawa, ambacho mara nyingi ni cha wanaume, kilijibu haraka kwamba nchi haijawa tayari. Mkutano Mkuu ulikubaliana na kijiwe: tarehe 12 Julai Magufuli alitangazwa kwa kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Wale waliopewa kura 284 na 280 na wajumbe mia tatu na sitini na ushei hawakufikisha kura mia tatu na ishirini kwa pamoja kati ya wajumbe zaidi ya elfu mbili.

Tarehe 28 Julai Lowassa alihamia CHADEMA. Nakumbuka zaidi yale yaliyowapata wabishani kuliko yaliyompata yeye. CHADEMA ndiyo iliyokuwa imemtaja Lowassa kwenye orodha ya mafisadi iliyosomwa Mwembe Yanga, Temeke, mwaka 2007. Kwa miaka minane wafuasi wa chama hicho walikuwa wameikariri. Asubuhi ile ilibidi waisahau. Na makada waliokuwa wakisema hana hatia wakaikumbuka ghafla. Jijini Dar es Salaam jambo hili lilitokea wazi kabisa, kwa sababu wiki hiyohiyo watu walikuwa kwenye foleni za kujiandikisha kupiga kura kwa mashine za alama za vidole, BVR, saa nne, saa tano juani, hawana pa kwenda. Mbele yako kasimama mtu uliyebishana naye wiki iliyopita, na leo ameshika hoja zako, wewe umeshika zake. Wengine walicheka. Wengine hawakuona hata.

Willibrod Slaa, aliyeisoma orodha ile na aliyekuwa mgombea wa CHADEMA mwaka 2010, hakuvumilia. Alijitenga na kutangaza kuachana na siasa za vyama mwanzoni mwa Septemba. Ibrahim Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF, chama mshirika wa CHADEMA. Lakini wapigakura wengi wa upinzani hawakuona shida, na hapa ndipo ninapokishutumu kijiwe zaidi. Watu waliolaani kwa ukali namna CCM ilivyokata majina gizani hawakuuliza swali hata moja kuhusu namna mgombea wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, alivyopatikana. Kule Dodoma kulikuwa na fomu, wadhamini, vikao vitatu na kura zilizohesabiwa, hata kama mchujo wa mwanzo ulikuwa wa watu wachache. Upande wa pili mtu alihamia chama Jumanne na Jumanne iliyofuata, tarehe 4 Agosti, Mkutano Mkuu wa CHADEMA ukampitisha bila mshindani. Wananchi walidai ushindani kwa chama kimoja tu, na sababu yao ilikuwa ya kivitendo: mgombea mwenye uwezo wa kushinda amepatikana, utaratibu baadaye.

Oktoba Magufuli alipata asilimia 58.46, Lowassa 39.97. Kura zaidi ya milioni sita kwa mgombea wa upinzani, ambazo hazikuwahi kuonekana. Augustino Mrema, aliyeihama CCM mwaka 1995 na umati wake, aliishia chini ya asilimia 28. Ukumbi wa Dodoma ulimkata mtu, na mjadala wa nje ukambeba hadi hapo. Sijui kipimo kingine cha nguvu ya mazungumzo ya wasio na kura. Lowassa mwenyewe alirudi CCM Machi 2019, na alipofariki Februari 2024 walimzika kwa heshima zote wale waliomkata.

Kuna jina moja zaidi la Julai 2015, nalo lilitangazwa siku ileile ya ushindi wa Magufuli. Mgombea mwenza: Samia Suluhu Hassan, waziri wa Muungano, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka uliotangulia. Magazeti yalimpa picha ndogo. Kijiweni alimaliza dakika chache. Hakukuwa na wafuasi wake wala wapinzani wake, hakukuwa na hesabu za kanda juu yake, kwa sababu kila mtu alidhani nafasi ile ni ya kukamilisha Muungano kwenye karatasi. Miezi yote ile nchi ilijadili nani awe rais, na ikawapitia watu 42 mmoja mmoja, na aliyekuja kuapishwa tarehe 19 Machi 2021 baada ya Magufuli kufariki hakuwa hata mmoja wao. Hakuna aliyeuliza kwa sauti: na huyu akibaki peke yake?

Januari 2025 Mkutano Mkuu wa CCM ulikutana tena Dodoma, na kwa azimio la ukumbini ukampitisha Rais Samia kuwa mgombea, miezi tisa kabla ya uchaguzi. Hakukuwa na mzunguko wa fomu, wadhamini wala tano bora. Ni desturi ya chama kumwachia aliyepo amalizie, na ilitumika mwaka 2010 na 2020 vilevile, lakini safari hii baadhi ya makada walihoji utaratibu na wakati wake. Uchaguzi wenyewe wa Oktoba 2025, uliofanywa CHADEMA ikiwa imezuiwa na mgombea wa ACT-Wazalendo ameenguliwa, na vifo vilivyofuata, unahitaji sura yake. Ninachokisema hapa ni kidogo zaidi. Mwaka huo kijiwe kilinyimwa Julai yake. Watu waliozoea kubishana juu ya majina 38 walipewa jina moja likiwa limeshapita.

Kwa hiyo wakalichukua lile la pili. Mgombea mwenza aliyetajwa siku ileile Dodoma alikuwa Emmanuel Nchimbi, yule aliyejitokeza usiku wa manane mwaka 2015 kupinga jina la Lowassa kukatwa, na ambaye tangu Januari 2024 alikuwa Katibu Mkuu wa chama. Safari hii nafasi hiyo haikumalizwa kwa dakika chache. Mtu wa bara, Mkristo, wa Ruvuma, na mwaka 2030 Samia atakuwa hana tena haki ya kugombea. "Kusini wameshapata," atasema mmoja, akimaanisha Mkapa. "Hiyo ilikuwa Mtwara," atajibiwa, "Songea bado."